Khairat na Koki ya Mafuta

Siku za Jumamosi Khairat hakuwa na skuli, lakini hakuwa na nafasi ya kulala pia. Akishasali alfajiri na kunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, alichukua ndoo na kopo lenye matundu, akateremka hadi kwenye banda la makuti lililokuwa nyuma ya nyumba yao, huko Ole. Ndani ya banda hilo ilipangwa miche ya mikarafuu, kila mche ndani ya kiriba chake cha plastiki. Miche ilikuwa ya kikundi cha kina mama, na mama yake, Bi Mwanawema, alikuwa mmoja wao. Khairat aliinywesha maji, akang'oa magugu na kuangalia kama wadudu hawajaingia.

Asubuhi moja aliona jambo jipya. Mizizi ya miche kadhaa ilikwisha kutoboa viriba na kutokeza chini, myeupe kama nyuzi.

"Mama, njoo uone. Miche inataka kutoka yenyewe."

Bi Mwanawema aliinama, akakigeuza kiriba kimoja. "Imechoka kukaa humu," alisema. "Mvua zishaanza, na sisi hatujachimba hata robo ya mashimo. Tukichelewa itadumaa yote."

Mwaka uliopita kina mama walichimba kwa majembe na mitaimbo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mwaka huu walikuwa wamepata nafuu. Mradi mmoja wa kilimo uliwaazima trekta dogo lililofungwa keekee nyuma yake, chuma kirefu kilichojipinda kama parafujo, chenye meno kwenye ncha. Keekee ile ilikuwa na uwezo wa kutoboa shimo kabla mtu hajamaliza kufunga ushungi wake. Bi Mwanawema ndiye pekee katika kikundi aliyejifunza kuendesha, kwa hiyo trekta lilikuwa mikononi mwake.

Siku hiyo hiyo alifika fundi wa mitambo kutoka Chake Chake kuwafundisha namna ya kulitumia. Jina lake Bi Thuraiya. Alivaa buti nzito na baibui lililokunjwa mikono, na alionekana mwenye haraka, kwa sababu kulikuwa na kikundi chengine kikimsubiri upande wa Wete. Kina mama walimzunguka, na Khairat akajipenyeza mbele.

"Nisikilizeni vizuri," alianza Bi Thuraiya. "Injini inazungusha pampu. Pampu inasukuma mafuta. Mafuta yanapita kwenye mipira hii mpaka hapa, kwenye vali ya kudhibiti mtiririko. Vali inayagawa. Sehemu inakwenda kwenye mota ya keekee, na sehemu inarudi kwenye tangi. Koki hii nyeusi ndiyo inayoamua kiasi gani kiende wapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Sasa, msichanganye mtiririko na presha. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Kwa udongo laini wekeni sita. Mkifika penye udongo mgumu…"

Hapo simu yake ikalia. Akasogea pembeni kuzungumza, na aliporudi alikuwa keshashika ufunguo wa gari.

"Haya, mmefahamu?"

"Tumefahamu," waliitikia kina mama kwa pamoja. Bi Mwatima, mwenyekiti wa kikundi, alitikisa kichwa kuliko wote.

Khairat alibaki ameikodolea macho ile koki nyeusi. Kichwani mwake maneno yalikuwa yamechanganyika kama uzi ulioachiwa paka. Vali inagawa mafuta, sawa, lakini kwa nini mengine yarudi tangini ilhali keekee inayataka? Mtiririko na presha vina tofauti gani? Na penye udongo mgumu iwekwe namba ngapi? Aliunyanyua mkono nusu ili aulize, akaona watu wazima wote wametulia, akaupeleka mkono kwenye ushungi kama anayeuweka vizuri.

Bi Mwanawema alimwinamia sikioni. "Umefahamu, mwanangu? Mimi maneno mengine yamenipita."

Khairat alikuwa wa kwanza darasani katika somo la sayansi, na mama yake hakuacha mtu bila ya kumwambia. Mbele ya macho yale yaliyomtegemea, jibu lilimtoka lenyewe.

"Nimefahamu, mama."

Bi Mwanawema akapumua. Gari la Bi Thuraiya likaondoka.

Jumapili walianza kazi chini ya kilima, ambako udongo ulikuwa laini. Bi Mwanawema aliweka koki kwenye sita, akaishusha keekee, nayo ikazama taratibu na kutoka na udongo mweusi. Shimo likawa tayari, la mviringo, kana kwamba limekatwa kwa kisu. Kina mama walicheka kwa furaha. Saada, mdogo wake Bi Mwanawema, alitangulia akionesha kwa kijiti kila mahali pa kuchimba, na wengine wakafuata nyuma na samadi na miche. Kabla ya adhuhuri sehemu yote ya chini ilikwisha.

Kisha wakapanda juu. Huko udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, na chini yake kulikuwa na mizizi ya mikarafuu ya zamani iliyokwisha kufa. Keekee iligusa ardhi, ikazunguka kidogo, ikasita. Halafu ikasimama kabisa. Kutoka kwenye mashine ukasikika mlio mwembamba wa kukera, mfano wa birika linalochemka.

"Imekuwaje?" aliuliza Bi Mwanawema kutoka kwenye kiti chake. Alimtazama Khairat, aliyekuwa amesimama karibu na gurudumu. "Khairat, hapa tunafanya nini?"

Khairat aliitazama koki. Hakujua. Alijua tu kwamba kumi ni kubwa kuliko sita, na kwamba mashine ilionekana imechoka.

"Haina nguvu ya kutosha," alisema. "Weka kumi."

Bi Mwanawema akaizungusha koki mpaka mwisho. Khairat aliikazia macho keekee akitarajia kuiona inapasua ardhi. Haikutikisika. Mlio ule mwembamba ukazidi, na mipira ya mafuta ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Khairat hakuelewa. Mafuta yameongezwa, sasa yamekwenda wapi? Mbona kumi imekuwa sawa na sifuri?

"Nyanyua kidogo nitazame," alisema Saada, akasogea.

Bi Mwanawema aliinyanyua keekee. Mara tu meno yalipoachana na mzizi, ile iliyokuwa imekufa ikafufuka. Ilizunguka kwa kasi ambayo hawakuwa wameiona tangu asubuhi, ikirusha udongo na mawe kila upande. Kina mama walitawanyika. Bi Mwanawema alizima injini, lakini jiwe moja lilikuwa limekwisha kumpiga Saada kwenye muundi wa mguu. Aliketi chini huku ameushika mguu, na damu ikapita katikati ya vidole vyake.

Walimfunga kwa kitambaa na kumpakia kwenye bodaboda kwenda kituo cha afya. Bi Mwatima alimpigia simu fundi, naye akaahidi kurudi Jumanne. Kisha maneno yalianza. Mmoja alisema mashine ni mbovu tangu ilikotoka. Wa pili alisema mafuta yake yamechakaa. Wa tatu alisema, bila ya kumtazama Bi Mwanawema, kwamba labda kuendesha trekta si kazi ya kujifunzia ukubwani.

"Mwanawema," aliuliza Bi Mwatima, "koki ilikuwa namba ngapi?"

"Kumi."

"Na nani aliyekwambia uweke kumi?"

Khairat alijua jibu. Alisubiri mama yake amtazame, amnyooshee kidole, aseme jina lake. Bi Mwanawema alikuwa akijifuta mafuta mikononi kwa kanga kuukuu.

"Nimeweka mwenyewe," alisema.

Jibu hilo lilimchanganya Khairat kuliko mashine yenyewe. Njiani kurudi nyumbani alitembea nyuma ya mama yake. Kwa nini mama hakusema kweli? Au ile ilikuwa kweli? Mkono ulioshika koki ulikuwa wa mama, lakini neno lilitoka kwake. Alitamani mama yake amgombeze, maana hapo angalau angejua amesimama wapi.

Alasiri alitumwa kumpelekea mama mdogo Saada uji. Alimkuta amelala ukumbini, mguu umewekwa juu ya mto, umevimba na kushonwa nyuzi.

"Karibu, fundi wangu," alisema Saada akijaribu kutabasamu. "Wewe ndiye unayezifahamu hizi mashine. Hebu nieleze, ilikuwaje? Ilikwama, haina uhai, halafu ghafla ikawa kama kichaa."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi, na Khairat hakuweza kupita.

"Ilikuwa… ni mtiririko," alisema. "Mtiririko ulizidi presha."

"Ahaa," alisema Saada, akatikisa kichwa kama aliyefahamu.

Khairat aliweka bakuli la uji chini, akaaga, akatoka haraka. Nje alisimama kando ya ukuta. Alikuwa amesema maneno asiyoyajua maana kwa mtu aliyeumizwa na maneno asiyoyajua maana.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Manar alimfuata chini ya dirisha la darasa. Manar alikuwa rafiki yake tangu chuoni, walikosoma Kurani pamoja, msichana asiyejua kuzungusha maneno. Habari za ajali zilikuwa zimekwisha kumfikia.

"Kwa hiyo ile mashine ina nini?" aliuliza.

Khairat alifungua mdomo ili aseme mtiririko, akaufunga. Alikuwa amechoka.

"Sijui."

"Hujui? Si ulikuwepo fundi alipoeleza?"

"Nilikuwepo. Sikufahamu chochote. Nimemwambia mama nimefahamu, na yeye akanisikiliza, ndiyo mama mdogo akaumia." Maneno yalimtoka yote kwa mkupuo, na baada ya hapo kifua kikawa chepesi kidogo.

Manar alifikiri. "Basi mwulize fundi. Si anarudi kesho?"

"Nikimwuliza, kila mtu atajua kwamba sikujua."

"Lakini hukujua," alisema Manar. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Siku ya pili, baada ya skuli, kikundi kilikusanyika kilimani. Bi Thuraiya alikuwa amefika na sanduku lake la vifaa. Alikuwa ameikagua pampu, mipira na mota, na uso wake ulionesha kwamba hakuona kitu.

"Mashine ni nzima," alisema. "Hakuna kilichovunjika. Sasa mimi ndiye nisiyefahamu."

Bi Mwatima alikohoa kidogo. "Bi Thuraiya, sisi tumezungumza. Tumeona bora trekta lipewe kikundi chengine. Sisi tutarudi kwenye majembe. Au kama litabaki, basi Mwanawema apumzike, atafutwe dereva mwengine. Hatutaki mtu mwengine aumie."

Bi Mwanawema alisimama wima, mikono ameifumbata, macho kwenye ardhi. Hakujitetea. Khairat alimtazama, akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akitoka kila alasiri kwenda kujifunza kuendesha, akirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Bado hakuwa ameielewa ile mashine, lakini kitu kimoja alikijua vizuri, na ndicho alichokisema.

"Bi Mwatima, mama hakuweka kumi kwa shauri lake. Mimi ndiye niliyemwambia."

Wote waligeuka.

"Siku ile fundi alipouliza kama tumefahamu, mimi sikufahamu. Mama aliniuliza nikasema nimefahamu, kwa sababu niliona haya. Mashine ilipokwama niliona kumi ni kubwa, nikadhani ndiyo yenye nguvu. Hata sasa sijafahamu. Sijui kwa nini ilikwama, na sijui kwa nini ilirusha mawe."

Khairat alingoja kugombezwa. Badala yake alimwona Bi Mwatima akiinamisha kichwa na kuchezea ncha ya ushungi wake.

"Mimi," alisema mwenyekiti polepole, "nilifahamu pale aliposema injini. Baada ya hapo nilikuwa natikisa kichwa tu."

"Mimi hata hiyo injini," alisema mwengine kutoka nyuma. Mtu mmoja alicheka, na wa pili akafuata, kicheko cha aibu kilichozunguka kikundi kizima.

Bi Thuraiya hakucheka. Aliketi juu ya sanduku lake la vifaa. "Basi na mimi kosa ninalo," alisema. "Nilikuwa na haraka. Niliuliza mmefahamu, sikuuliza mmefahamu nini. Na habari ya udongo mgumu sikuimaliza. Khairat, njoo hapa. Uliza, na mimi leo siendi popote."

Khairat alisogea. "Ule mlio ulikuwa nini?"

"Keekee ilishikwa na mzizi ikashindwa kuzunguka. Mafuta yakakosa pa kwenda. Yangeendelea kusukumana ndani yangepasua mpira. Kwa hiyo kuna vali nyengine, ya usalama, inayofunguka na kuyaachia yarudi tangini. Mlio ule ni wa vali hiyo. Mkiusikia, mashine inakwambieni: imetosha, simama."

"Na tulipoweka kumi?"

"Mliongeza mafuta, nayo yakazidi kurudi tangini bure, ndiyo maana yakapata moto. Nguvu haikuongezeka hata chembe. Koki inaongeza mtiririko, na mtiririko ni mbio tu. Nguvu inatokana na presha, na hiyo koki haiigusi. Mama yako aliponyanyua keekee, mafuta yote yale ya kumi yakapata njia kwa pamoja."

Khairat alikunja uso akifikiri. Safari hii hakuharakisha. "Hapo pa mbio na nguvu sijapashika vizuri," alisema. "Ni kama mtu anayekuna nazi? Kuupeleka mkono mbio ni kitu kimoja, na kukandamiza ni kitu chengine?"

"Ndivyo hasa. Na nazi ikiwa ngumu unafanyaje?"

"Siendi mbio. Nikienda mbio mkono utateleza, mbuzi itanikata. Nakwenda taratibu nakandamiza."

"Kwa hiyo kwenye udongo mgumu tunaweka namba gani?"

Khairat aliitazama koki, kisha akamtazama mama yake. "Namba ndogo," alisema. "Lakini ndogo kiasi gani sijui."

"Tatu," alijibu Bi Thuraiya. "Na mnainyanyua kila mara itoe udongo. Ikikwama mnazima kwanza. Na kabla ya kuinyanyua, kila mtu awe mbali." Kisha akawageukia wengine. "Sasa naomba kila mmoja anieleze mwenyewe, kwa maneno yake. Tuanze na mwenyekiti."

Ilichukua muda mrefu. Bi Mwatima alirudia mara nyingi kabla ya kupatia, na hakuna aliyemcheka. Walipomaliza, Bi Mwanawema alipanda kwenye trekta. Wengine walirudi nyuma mpaka kwenye mpaka wa shamba. Aliweka tatu, akaishusha keekee pale pale ilipokwama. Ilizunguka kivivu, meno yakauma ardhi. Aliinyanyua, ikamwaga udongo mwekundu na vipande vya mzizi. Akaishusha tena, akainyanyua tena. Mlio ulipoanza alizima, akasubiri, akaanza upya. Taratibu shimo likaenda chini mpaka likatosha.

Bi Mwatima alisogea kulichungulia. "Dereva wetu ni yule yule," alisema. "Kesho tuje mapema."

Mvua kubwa ziliwakuta kina mama miche mingi imekwisha kuingia ardhini. Mama mdogo Saada alirudi shambani akichechemea, na Khairat alimweleza kweli yote, pamoja na yale maneno aliyomwambia siku ya uji. Saada alimsikiliza mpaka mwisho, akasema naye hakuwa amefahamu kitu siku ile, ila aliona vibaya kuuliza tena.

Jioni moja walipokuwa wakiosha viatu kisimani, Khairat alimwuliza mama yake jambo lililokuwa likimsumbua. "Kwa nini ulisema umeweka kumi mwenyewe?"

Bi Mwanawema alisugua kisigino cha kiatu kwa jiwe kabla ya kujibu. "Kwa sababu mkono uliozungusha koki ulikuwa wangu. Mimi ndiye dereva, na ilikuwa juu yangu kumwuliza fundi. Niliona haya, nikakutwika wewe mtoto. Hapo nami sikuwa mkweli."

Alimimina maji kwenye kiatu cha pili, akaendelea.

"Tunadhani uongo ni kuficha kitu ulichokifanya tu. Kusema nimefahamu na hujafahamu ni uongo pia, tena una hatari, kwa sababu mwenzako atakwenda kufanya kazi kwa kuutegemea. Mimi sina haja ya mtoto anayejua kila kitu, Khairat. Nina haja ya mtoto nikimwuliza aniambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba hajui. Hapo tutakwenda kuuliza pamoja."

Khairat alichukua viatu vilivyosafishwa, akavipanga juu ya ukuta vikauke.